Mjadala: Jayden Joseph Michael na nafasi tatu za cheti cha kuzaliwa

MTOA MADA: Ndugu zangu, siungi mkono hoja kwamba jina la kigeni humfanya mtoto kuwa mtumwa wa Wazungu, kwa sababu akina Juma, Fatuma, Yohana na Maria tumeishi nao siku nyingi na hakuna anayewashangaa. Ninachohoji ni nafasi. Kwa mazoea yetu Watanzania, jina la kwanza ni la mtoto, la pili la baba, la tatu la babu au la ukoo. Mchaga au Mhaya akimwita mwanawe Jayden, mwishoni bado yupo Mushi au Rwegasira; lakini katika familia inayotumia jina la babu, na babu mwenyewe alibatizwa Michael, tunampata Jayden Joseph Michael, vizazi vitatu bila hata jina moja la nyumbani. Jirani zetu Wakenya, ambao wengi wao huweka jina la kabila katikati, humwita mtoto Brian na bado akabaki Otieno.

MCHANGIAJI: Tusiwalaumu wazazi. Mwalimu Nyerere aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki, kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha. Akawa Julius alipobatizwa mwaka 1943, enzi ambazo Kanisa lilitaka jina la mtakatifu. Leo mzazi yuko huru, hata kumpenda huyo Jayden. Mobutu alijaribu kuuzuia uhuru huo mwaka 1972 kwa kupiga marufuku majina ya Kikristo nchini Zaire, na marais wote watatu waliomfuata wanaitwa Laurent, Joseph na Félix.

MTOA MADA: Kuhusu Mobutu tunakubaliana, maana jina la mtoto si kazi ya polisi. Hata hivyo, padri naye si kisingizio tena: sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinakataza tu jina lisilopatana na imani ya Kikristo, kwa hiyo mtoto anaweza kubatizwa kwa jina la kwao. Na hao marais watatu, mbona umewakata majina? Nyuma ya Laurent na Joseph yupo Kabila, nyuma ya Félix yupo Tshisekedi, na hiyo ndiyo nafasi ninayoizungumzia. Mjukuu wa Michael hana akiba hiyo. Nafasi aliyobakiwa nayo ni moja, ya mwanzo kabisa, na ndiyo hiyo wazazi wake wanayoijaza Jayden.