Eti Mahakama ya Juu ikisema, hata Katiba na inyamaze!

Wanajukwaa wenzangu, sina haja ya kumtaja yule bingwa wetu wa sheria, kwa kuwa hata mtoto aliyezaliwa leo asubuhi amekwisha kusahihishwa naye. Nilipouliza kwa adabu kama mamlaka ya Mahakama ya Juu yana mpaka, alinijibu mbele ya kadamnasi kwamba mahakama hiyo ikishasema, hata Katiba na inyamaze. Katiba inyamaze! Majaji hao wamepewa kiti na nani, kama si Katiba hiyohiyo?

Nilimkumbusha kwamba mwaka 1857, katika shauri la Dred Scott, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa watu weusi hawawezi kuwa raia, na kwamba Marekebisho ya 14 ya Katiba ya nchi hiyo, ya mwaka 1868, yaliufuta uamuzi huo. Badala ya kujibu, aliniambia niketi. Nilikuwa nimeketi tayari! Katiba inyamaze, jamani!

Rufaa Daima: Pole, ndugu, ila naona kilichokuuma ni kuambiwa uketi, na Katiba umeileta kama shahidi tu.

Pingamizi: Afadhali huyo wenu anaiogopa mahakama. Mwaka 1832 mahakama hiyohiyo iliamua kwamba sheria za jimbo la Georgia hazina nguvu katika ardhi ya Wacherokee, wenyeji wa asili wa huko, na bado Wacherokee walifukuzwa. Mahakama haina jeshi wala hazina, kwa hiyo mpaka wake halisi ni utayari wa serikali kutii.

Hati ya Kiapo: Mnalilia Marekani wakati India, mwaka 1973, majaji 7 dhidi ya 6 waliamua kwamba Bunge haliwezi kuubomoa muundo wa msingi wa Katiba hata kwa kuirekebisha. Jaji mmoja tu angegeuka, mambo yangekuwa mengine. Hilo ndilo la kulalamikia.

Rufaa Daima: Kwani ulitaka wabunge wajiongezee muhula wapendavyo?

Mwanzisha uzi: Naomba turudi kwenye mada. Alisema Katiba inyamaze.

Hati ya Kiapo: Subiri kidogo, ndugu. Rufaa Daima, niambie kwanza: muundo huo wa msingi umeandikwa katika ibara gani?

Pingamizi: Haukuandikwa popote, ni majaji wenyewe walioutambua.

Hati ya Kiapo: Basi nafungua uzi wangu.