Mrejesho: Yule mwanangu anayeng'ata wenzake

Wapendwa, mimi ndiye niliyeomba ushauri kuhusu mwanangu wa miaka miwili na nusu anayeng'ata na kupiga, mpaka dada wa kazi akaaga na chekechea wakaniambia nimpumzishe nyumbani.

Fimbo nimeacha. Nilikuwa namchapa kwa kosa la kupiga, naye akitoka hapo anakwenda kumzaba dada yake kofi lilelile. (Mama mkwe anasema namdekeza. Naitikia tu, "ndiyo mama".)

Aliyeniambia nikampime masikio, Mungu akubariki. Daktari alikuta maji nyuma ya ngoma ya sikio, pande zote mbili. Kumbe hasikii vizuri, maneno anayo machache, kwa hiyo akinyang'anywa mdoli anamalizana na wenzake kwa meno. Tumeambiwa mara nyingi maji hayo hukauka yenyewe ndani ya miezi 3, turudi apimwe tena.

Nyumbani akiinua mkono naushika, nachuchumaa tuangaliane, namwambia: "Hapana, inauma. Sema: nipe." Mwanzoni nilijiona napoteza muda. Wiki ya nne hivi akamvuta binamu yake shati na kusema "Nipe!" kwa sauti ya kondakta wa daladala. Nilikwenda kulia jikoni.

Hajaacha kabisa. Jioni akiwa na njaa, au asipolala mchana, chunga vidole vyako. Jumanne kanitia meno begani.

Chekechea tunarudi muhula ujao. Nimemwomba mwalimu amkalishe mbele na amguse kabla ya kumsemesha.