Tupeane uzoefu: ulipokuwa na miaka 13 mpaka 18 maktaba walikupa kitabu gani na walikufanyisha nini?

Chanuo
Wakuu salama? Leo nimempeleka binti ya dada yangu maktaba, ana miaka 14. Kwenye kona ya vijana nikakuta vitabu wamevifunga na karatasi ya kaki, jalada huoni wala jina, juu wameandika tu maneno kama "kisiwa, usaliti, mbwa hafi". Kabeba hicho cha mbwa hafi na tangu turudi hajaongea na mtu. Enzi zangu nilipewa kitabu cha maadili ya kijana nikaambiwa kaa kimya. Haya, nani alikupa kitabu kikakukaa, shughuli gani ilikuvuta, na hawa wa sasa tunawavutaje maana simu imeshawameza.

Mla Kurasa
Naweka kambi hapa.

Bi Kimyakimya
Chanuo umenichokonoa. Nilikuwa nimevunja ungo karibuni, nyumbani hamna wa kumuuliza, kuna kitabu cha mabadiliko ya mwili nilikiona nikakichukua nikakificha katikati ya atlasi na kamusi ili kionekane mgongo tu. Foleni ndefu, nyuma yangu wavulana wa darasani kwetu. Nafika kaunta yule mama kakitoa katikati kakinyanyua juu kabisa kama anapiga mnada, "hiki nacho ni chako? umri wako unaruhusu? nani kakutuma?" Hakuna aliyecheka pale, na hicho ndo kilikuwa kibaya zaidi, walicheka kesho yake shuleni na kesho kutwa na muhula mzima. Niliviacha vyote pale kaunta nikatoka. Sikukanyaga maktaba tena mpaka nilipofika chuo na hata chuo nilikuwa naingia kwa kunyata. Kwa hiyo mkiniuliza ushauri wangu ni mmoja, wekeni vitabu vya mwili na vya huzuni na vya wazazi kuachana kwenye rafu ya wazi humo humo kona ya vijana, na kama mna mashine ya kujiazimia mwenyewe iwekeni, asiulizwe na mtu.

Jongoo Mbio
Pole sana dada. Kwangu kilikuwa ni hicho cha wazazi kuachana. Sina la kuongeza.

Bwana Rafu
Mi ni mkutubi, naomba radhi kwa niaba ya yule mama ingawa simjui. Kanuni ya kazi ni kwamba alichoazima msomaji ni siri yake, hata akiwa kijana. Halafu kuhusu kupendekeza, kosa kubwa ni kumuuliza mtoto "una miaka mingapi" ukamkabidhi kitabu cha umri huo. Muulize kitu cha mwisho kilichomkosesha usingizi, iwe filamu, gemu, mechi, umbea, chochote. Akisema gemu la kujenga miji humpi hadithi ya mapenzi, unampa vita vya falme au kitabu cha madaraja yalivyojengwa. Ranganathan, mkutubi wa India, aliandika tangu 1931, kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake. Hajasema kila umri na kitabu chake.

Mama Wawili
Siri ya nani? Mtoto wa miaka 13 nimlishe nimvishe halafu mkutubi aniambie alichoazima ni siri? Kitabu kikipotea faini nalipa mimi au analipa Ranganathan?

Bwana Rafu
Faini utalipa wewe mama, ila jina la kitabu muulize mwanao kwanza. Akikuambia mwenyewe mmeshinda wote.

Mama Wawili
Haniambii ndo maana nakuuliza wewe.

Mla Kurasa
Hapo sasa 😂

Pilipili Manga
Jina langu linajieleza. Mi shule nilikuwa nahesabika sijui kusoma, kumbe nilikuwa sijakutana na 741.5, ndo namba ya komiki na manga, zile hadithi za picha za Kijapani, kwenye rafu. Ya kwanza niliisoma kuanzia mbele kama kitabu cha kawaida, nikaona mtu anakufa, halafu anaumwa, halafu anazaliwa, nikasema aisee huyu mwandishi ni fundi. Jamaa mmoja kwenye kilabu akanigeuzia, manga ya Kijapani inasomwa kulia kwenda kushoto. Tulikuwa tunakutana Jumamosi, tunachora wahusika wetu, tunabishana nani anampiga nani. Nilivyomaliza manga zote za pale nikaingia riwaya kwa njaa tu.

Mzee wa Nondo
Picha si kusoma. Kijana apewe riwaya nene, akilala nayo ataamka nayo. Sisi tulisoma vitabu vya watu wazima tukiwa na miaka 12 na tumenyooka.

Pilipili Manga
Mzee wangu shikamoo, ila ulivisoma ukaelewa au ulivibeba?

Mzee wa Nondo
Marahaba. Nilivibeba kwanza, baadaye nikaelewa. Ndivyo inavyokuwa.

Jongoo Mbio
Kwa asiyependa kusoma jaribuni riwaya zilizoandikwa kwa mashairi, kurasa nyeupe nyingi, mistari mifupi, anamaliza kitabu kizima anajiona simba. Mdogo wangu ndo zilimtoa.

Taa Imezimika
Ngojeni niwape ya kwangu. Maktaba yetu walikuwa na usiku wa vijana, wakishafunga kwa watu wengine sisi ndo tunaingia, tunacheza kutafuta hazina kwa namba za Dewey, zile za mgongoni mwa vitabu zinazoonyesha mada. Mnapewa 796 mnakimbilia michezo, ndani ya kitabu kimojawapo kuna karatasi ina namba nyingine, 398.2 mnakimbilia ngano, hivyo hivyo mpaka mwisho. Timu yetu inaongoza. Kidokezo cha mwisho kikatupeleka ghala la chini, kule wanakoweka vitabu ambavyo watu hawaviazimi, wenzangu wakaniambia shuka wewe sisi tulinde mlango. Nikavuta kitabu, karatasi hamna, ila nikafungua ukurasa mmoja, nikasoma nimesimama, nikaegemea, nikakaa chini. Taa za kule zinawaka ukitembea, ukitulia zinazima. Ikizima napunga mkono, inawaka, naendelea. Nikapunga nikapunga mpaka nikapunga haikuwaka. Wameshazima umeme wa jengo zima. Naenda mlangoni nimefungiwa kwa nje. Kumbe timu nyingine ilishapata hazina kwa njia nyingine, zawadi zimetoka, watu wakatawanyika, wenzangu walijua baba kanifuata, walimu walihesabu vichwa wakati mdogo wetu mmoja aliyekuja kuangalia kasimama kwenye foleni, hesabu ikatimia. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Halafu sasa kule kuna yale makabati makubwa ya kwenye reli ambayo unayasukuma kwa usukani. Moja likasogea. Lenyewe.

Mla Kurasa
Lenyewe????

Chanuo
Usiishie hapo tafadhali

Taa Imezimika
Nilikuwa nahudumia mteja jamani. Likasogea taratiiibu, krrrr, likagonga lenzake. Mi nimejikunja kwenye kona nimekumbatia kile kitabu. Sijui nilikaa muda gani, nikaona mwanga wa tochi chini ya mlango, mlinzi na baba. Baba alinikumbatia kwanza, kofi likafuata, akanikumbatia tena.

Jongoo Mbio
Kabati sakafu haikuwa sawa tu, zile reli zikiinama kidogo mzigo unateleza. Nimewahi kufunga hizo.

Bi Kimyakimya
Wewe fundi kaa pembeni. Taa, ulikuwa unasoma nini?

Taa Imezimika
Jina lilishanitoka, nakumbuka namba ya mgongoni tu, 133.

Bwana Rafu
Hahahaha jamani. 133 ni mizimu, ramli na uchawi. Melvil Dewey aliuchapisha mpangilio wake 1876, angejua unakuja ghalani angeiweka karibu na mlango wa dharura.

Mla Kurasa
Na bado ulikikumbatia

Mama Wawili
Mnacheka. Mtoto kafungiwa gizani. Wanaoandaa usiku wa vijana waite majina wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, siyo kuhesabu vichwa kama mbuzi, na mzazi asaini. Na ghala lisiwe sehemu ya mchezo.

Pilipili Manga
Mama Wawili leo nakuunga mkono ila ghala ndo utamu wenyewe

Taa Imezimika
Nilirudi usiku uliofuata. Baba alikaa kwenye gari nje mpaka mwisho.

Chanuo
Tusisahau mada. Binti ya dada yangu anauliza akianza kitabu kikawa kibovu lazima amalize?

Mzee wa Nondo
Lazima. Ulichokianza kimalize.

Bwana Rafu
Hapana. Nancy Pearl, mkutubi maarufu wa Marekani, kanuni yake ni kurasa 50, kisichokuvuta kiache. Ukivuka miaka 50 unatoa umri wako kwenye 100, inayobaki ndo idadi ya kurasa unazokipa. Mzee wa Nondo kama una 70 ni kurasa 30 tu uko huru.

Mzee wa Nondo
Nina 66.

Bwana Rafu
34 basi. Huyo Nancy Pearl ndo walimtengenezea mwanasesere 2003, ukimbonyeza anaweka kidole mdomoni anyamazishe watu.

Bi Kimyakimya
Yule mama wa kaunta angebonyezwa kidogo.

Jongoo Mbio
Mi naona kilabu za kusoma kitabu kimoja wote zinaua, inakuwa kama mtihani. Kila mtu aje na chake aseme dakika mbili kinahusu nini, asimalizie mwisho, anayekitaka anakiazima pale pale.

Pilipili Manga
Kilabu yetu wote kitabu kimoja na ilikuwa moto. Inategemea nani anaongoza. Akiwa mtu mzima anauliza "mwandishi alikusudia nini" imekufa. Wapeni vijana wenyewe kamati, wachague vitabu vya kununua, wapange rafu yao. Sisi tulipewa, cha kwanza tulitoa kile cha maadili ya kijana 😂

Chanuo
Kiliwahi kuazimwa na nani kama siyo mimi

Mama Wawili
Haya swali la mwisho naomba msinirukie. Wangu mkubwa anasikiliza vitabu vya sauti huku anaosha vyombo. Hiyo nayo tunaihesabu kusoma?

Bwana Rafu
Ndiyo, tena maktaba nyingi zinaazimisha.

Mzee wa Nondo
Hapana.

Mla Kurasa
Haya, tumeanza upya.

Jongoo Mbio
Vyombo vinatakata?

Mama Wawili
Vinatakata kuliko zamani.

Jongoo Mbio
Muongezee kitabu.