Mrejesho: filamu za eksirei zinazonuka siki

Wakuu, niliuliza kwa nini filamu za eksirei kwenye masanduku ya hati za daktari mtafiti wa saratani zinanuka siki. Ni asetati (plastiki ya filamu zenyewe) inayooza, na mvuke wake wa asidi unaharibu filamu na karatasi za jirani. Sasa zimetengwa, pini za chuma zimetolewa, kila filamu ina bahasha yake ya karatasi isiyo na asidi. Nailoni hapana, inafungia mvuke ndani. Ambazo kipimo cha asidi kiligeuka kutoka bluu hadi njano zinapigwa picha kwanza.

Bahasha za zamani msizitupe kabisa! Kilovolti (nguvu ya umeme wa mashine iliyopiga eksirei) na tarehe zimeandikwa humo kwa penseli.

Filamu za nitrati (plastiki ya zamani inayoshika moto kirahisi) zihamishwe haraka: za aina hiyo ndizo zilizowaka katika hospitali ya Cleveland Clinic, Marekani, 1929, wakafa watu 123.