Kakangu yuko California, ataka kununua bastola: hiki cheti cha usalama ni nini hasa?

UmmSwaleh_Kisauni
Assalaam aleikum jamani. Kakangu yuko Sacramento na mkewe na mtoto. Nyumba ya jirani yao imevunjwa, sasa ameshikilia anunue bastola. Kaniambia ni lazima kwanza apate cheti cha usalama, nami nikashukuru, nikidhani atafunzwa na mtu siku kadhaa. Kumbe ni maswali ya kujibu tu! Nikamuuliza ataiweka wapi. "Juu ya kabati la nguo." Na huyo mwanawe wa miaka sita juzi nimemwona kwenye video: kavuta kiti, kapanda meza ya jikoni, kafikia biskuti zilizofichwa juu ya friji. Sina raha. Aliyewahi kupitia mambo hayo anieleze, na hapa kwetu huwaje?

BinMvita
Waaleikum salaam dadangu. Nimeishi Oakland na nilikifanya. Ni maswali 30, ya kuchagua jibu na ya kweli au si kweli, na ukipata 23 umepita. Ada ni dola 25, ukifeli waweza kurudia kesho yake kwa mkufunzi yuleyule bila kulipa tena. Cheti hudumu miaka 5. Zamani kilikuwa cha bastola peke yake, ila tangu Januari 2015 hata bunduki ndefu chahitajika.

Lakini karatasi si mwisho. Dukani utashikishwa bastola yenyewe mbele ya muuzaji: uielekeze pasipo na mtu, kidole mbali na kifyatulio, utoe magazini ya risasi, uhakikishe chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ni tupu, utie risasi bandia, uitoe, kisha ufunge kufuli. Mimi mikono ilinitetemeka. Halafu serikali yakuchunguza na wasubiri siku 10 kabla ya kukabidhiwa. Kwa bastola dukani, awe ametimiza miaka 21.

Hilo la kabati mwambie aliache kabisa. Sheria ya California yaweza kumshtaki mwenye silaha akiiacha mahali mtoto anaweza kuifikia. Mtoto hata asipofyatua. Anunue kasha la chuma la kufungwa, risasi aziweke kando, na funguo asiitundike ukutani.

Mkaazi_wa_Nyali
Mimi nina leseni hapa Mombasa kwa sababu ya biashara yangu, nasafiri na pesa. Kwetu ni mlango mwembamba zaidi. Silaha kwa raia wa Kenya si haki iliyo kwenye katiba, ni ruhusa. Waiomba, wapeleka cheti cha tabia njema na alama za vidole, na wao hutaka kujua sababu yako hasa. Kusema tu "naogopa wezi" hakutoshi, kila mtu anaogopa wezi. Ukikubaliwa, cheti chako chaandikwa ni silaha gani na risasi ngapi waruhusiwa kuwa nazo. Na wanaweza kukirudia: Desemba 2018 Matiang'i, Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, aliamuru raia wote wenye silaha wakaguliwe upya, tukapanga foleni sote, wakubwa kwa wadogo.

Mke wangu ajua kuna silaha nyumbani. Namba ya kasha naijua mimi peke yangu, na wajukuu wakija Idd naangalia kasha kabla sijaenda kuwafungulia geti.

BinMvita
Dada, nimesahau kuuliza la maana. Kakako ana grini kadi, yaani ukaazi wa kudumu, au yuko kwa viza? Kupita mtihani si ruhusa ya kununua. Sheria ya Marekani nzima huwazuia wengi wenye viza za muda, za masomo na za kazi, kumiliki silaha, isipokuwa vighairi vichache kama mwenye leseni ya kuwinda. Fomu ya dukani humuuliza hilo waziwazi, na kudanganya pale ni kosa la jinai. Kwa mgeni, ni ukaazi wake wote unaingia hatarini.

UmmSwaleh_Kisauni
Yuko kwa viza ya kazi, grini kadi bado anaingoja. Wallahi hajanitajia neno hili, sidhani hata yeye alijua. Nampigia leo saa nne usiku, kwao itakuwa karibu adhuhuri, kabla hajalipa chochote. Jazakallah khair BinMvita, nawe baba wa Nyali. Hilo la kuangalia kasha kabla ya geti nitamwambia vilevile ulivyoliandika, hata kama bastola yenyewe atainunua miaka ijayo.