Gari likiondoka, naloksoni ibaki nyumbani? (Lindi na Mtwara)

Mhudumu_Mchinga:
Wakuu wa dharura, naomba mwongozo. Aliyezidisha unga (heroini) akishazinduka, mara nyingi anakataa kupanda gari la wagonjwa. Kutoka huku Mchinga hadi Lindi mjini si karibu. Tukiwaachia nduguze naloksoni (dawa ya kuondoa nguvu ya unga ili mtu apumue), tuache nini hasa? Stoo kuna ampuli (vichupa vya kioo) za miligramu 0.4 kwa mililita 1 tu, ya kupuliza puani hatuna.

Dozi_Ligula:
Waachieni, ila si ampuli tupu. Naloksoni hushika dakika 30 hadi 90. Unga unaweza kudumu zaidi, methadoni (dawa ya kutibu uraibu wa unga) ndiyo kabisa, na mtu akazama tena nyie mmeshafika barabarani. Mfuko uwe na ampuli 2, sirinji 2 za mililita 2 zenye sindano ya sentimita 2.5, pamba, na chupa ngumu yenye kifuniko (ya jiki inafaa) ya kutupia sindano.

Mwonyesheni ndugu kwa mikono yake. Agongegonge kichwa cha ampuli dawa ishuke, la sivyo nyingine inabaki juu. Ashike shingo kwa pamba, avunje kuelekea nje. Avute mililita 1 yote, achome paja upande wa nje, katikati. Dakika 2 au 3 zikipita pumzi haijarudi, achome ya pili.

Hizo ampuli wasizimimine puani. Dawa ya pua ina miligramu 4 ndani ya mililita 0.1, hii yenu ni maji mengi, itateremka kooni.

Nesi_Mikindani:
Kaka Dozi, pumzi itangulie sindano. Ndugu anahangaika na kioo huku mgonjwa hapumui! Inua kidevu, bana pua, mpulizie mdomoni mara moja kila sekunde 5; mwingine ndiye avunje ampuli.

Wafundisheni dalili: haamki ukimsugua kifua kwa vifundo vya vidole, mboni kama ncha ya sindano, anakoroma kwa kukwama. Kwa ngozi zetu msingoje midomo ya bluu, tazameni fizi na viganja.

Akianza kupumua vizuri, inatosha, hata kama bado amelala. Mkiongeza dozi ili aamke, mnamtia arosto (mateso ya kukosa unga ghafla): atatapika, atatoka mbio kutafuta kete nyingine. Alazwe ubavu, asiachwe peke yake saa 2 nzima.

Mfamasia_Kusini:
Diazepamu (dawa ya kutuliza) na pombe haziondolewi na naloksoni, lakini mpeni tu kama mna shaka, haitamdhuru asiye na unga mwilini.

Joto letu ni shida. Chini ya bati mchana au kwenye boksi la pikipiki dawa inaweza kuharibika. Ikae ndani ya boksi lake, gizani, pembeni ya mtungi wa maji pasipo na unyevu. Andikeni namba ya toleo na tarehe ya kuisha.

Mhudumu_Mchinga:
Asanteni sana. Na idhini?

Mfamasia_Kusini:
WHO (Shirika la Afya Duniani) inashauri tangu 2014 watu wa karibu wapewe. Kwenu, mganga mkuu wa halmashauri aiweke kwa maandishi kabla hamjatoa hata moja. Fomu isiwe na jina la mgonjwa. Wakihofia polisi hawatapiga simu tena.