Diarmait Mac Murchada aliisaliti Ireland, au aliwasaliti ndugu zake?

MLETA MADA

Wakuu, salaam. Naomba tujadili hili kwa hoja. Kwa zaidi ya miaka 800, Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster huko Ireland, ametajwa kama msaliti wa nchi yake. Kisa chenyewe kwa ufupi: mwaka 1166 alifukuzwa kwenye ufalme, akavuka bahari hadi Bristol, kisha akamfuata Henry II wa Uingereza kwenye milki zake za Ufaransa. Akamwapia utii, akapewa barua ya ruhusa ya kutafuta wapiganaji. Mei 1169 Robert FitzStephen, mpiganaji kutoka Wales, akashuka ghuba ya Bannow huko Ireland na mamia ya watu. Agosti 1170 akaja Richard de Clare, bwana mkubwa aliyekuwa chini ya Henry, yule aitwaye Strongbow. Mji wa Waterford ukaanguka, na mwezi uliofuata Dublin nao. Oktoba 1171 Henry akaja mwenyewe na jeshi.

Msimamo wangu: kukodi wageni peke yake si usaliti. Mwaka 1154 Muirchertach Mac Lochlainn, mfalme wa kaskazini mwa Ireland, alikodi merikebu kutoka visiwa vya Scotland na Man ili apigane na ufalme wa Connacht, na sijaona anayemlaani kwa hilo. Ireland ya wakati ule ilikuwa falme nyingi zinazogombana, na aliyeitwa mfalme mkuu alikuwa yule mwenye nguvu za kuwatiisha wenzake.

Kosa la Diarmait liko kwa Aoife. Alimwahidi Strongbow binti yake huyo na, pamoja naye, urithi wa Leinster. Kwa sheria ya Waairishi ufalme haukuwa mali ya baba kumwachia mkwe. Ulikuwa wa ukoo wa kiumeni, na ukoo ndio ulimteua mrithi miongoni mwa wana, ndugu na wana wa ndugu. Diarmait alikuwa na watoto wa kiume, na ndugu yake Murchad alikuwa hai. Aligawa kitu ambacho yeye alikuwa amekabidhiwa tu. Kwangu mimi, waliosalitiwa kwanza ni watu wa nyumba yake.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, umempunguzia mzigo kupita kiasi. Zile merikebu za 1154 zilikodiwa, zikapigana, zikashindwa, basi. Mac Lochlainn hakumpigia magoti mfalme wa ng'ambo. Diarmait alikula kiapo cha utii, na kiapo hicho ndicho kilichompa Henry mlango.

Halafu tusisahau alivyokuwa kabla ya hapo. Mwaka 1141 aliwaua au kuwapofusha wakubwa 17 wa Leinster, watu wa ufalme wake mwenyewe! Ndiyo, alijenga abasia (nyumba ya watawa) ya Baltinglass mwaka 1148, na wapo wanaomsifia hilo. Mimi najiuliza jamaa za wale 17 walipita mbele ya abasia ile wakiwa na moyo gani. Mwaka 1170 mwanawe Conchobar alikuwa mateka wa mfalme mkuu Ruaidrí Ua Conchobair. Diarmait alijua kijana atauawa yeye akivunja mapatano yake na Ruaidrí, akavunja, kijana akauawa.

MCHANGIAJI WA PILI

Nashukuru mleta mada hujamwingiza Derbforgaill, maana kila mahali utasikia Ireland ilipotea kwa sababu ya mke wa mtu. Mwaka 1152 Diarmait aliondoka na Derbforgaill, mke wa Tigernán Ua Ruairc, mfalme wa Bréifne, pamoja na ng'ombe na mali zake. Mwaka uliofuata mama huyo alikwisha kurudi. Toka hapo hadi 1166 ni miaka mingapi? Kinyongo cha Ua Ruairc kilikuwepo, na alikuwa mstari wa mbele kumng'oa Diarmait, ila kilichomwangusha ni kuuawa kwa Mac Lochlainn, mlinzi wake, mwaka huo huo wa 1166. Derbforgaill ndiye aliyetoa wakia 60 za dhahabu kwa abasia ya Mellifont mwaka 1157. Anastahili kukumbukwa kwa hilo.

MLETA MADA

Mchangiaji wa pili, nakuunga mkono kabisa.

Mchangiaji wa kwanza, kiapo ni kizito, sikatai. Lakini angalia kilichomvusha Henry. Kwa karibu miaka mitano baada ya kiapo hakuja. Alikuja baada ya Diarmait kufa (Mei 1171) na Strongbow kukalia Leinster kwa haki ya mkewe, Aoife. Henry aliogopa mtu wake asijifanye mfalme upande wa pili wa bahari. Kwa hiyo tunarudi kwenye ndoa ile ile. Watu wa Leinster wenyewe waliona hivyo: Murchad aliinuka kumpinga Strongbow. Wa kumtetea Diarmait atasema mwanawe Domnall Cáemánach alikuwa upande wa Strongbow, na ni kweli. Ukoo uligawanyika vipande viwili kwa ahadi ya mtu mmoja.

Mwandishi mmoja wa Kitabu cha Leinster, mkusanyo wa maandishi ya Kiairishi wa karne ile, aliandika pembezoni mwa ukurasa, siku Diarmait alipofukuzwa, kwamba jambo kubwa limetendeka Ireland leo, kisha akalia: “Ole, Ee Bwana, nitafanya nini?” Huyo alikuwa mtu wa upande wake, akimlilia mfalme wake. Nataka kusikia kwa wanaomtetea: mtu kama huyo, miaka minne baadaye, angejibiwaje kuhusu Aoife na Strongbow? Karibuni.